Toba, Kuzimu na Peponi: Maneno Matatu na Historia Yake

Mswahili akifa, awe Mwislamu au Mkristo, tangazo la kifo chake mara nyingi humalizika kwa dua ileile: Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Dua hiyo husomwa redioni, huchapishwa magazetini, na siku hizi hufika kwenye simu za ndugu walioko Muscat, London na Minneapolis kabla hata ya siku ya mazishi kujulikana. Wote huitikia amina. Lakini tukiwauliza waitikiaji wanaamini nini hasa, majibu yatatofautiana. Mwislamu atasema peponi ni Janna. Mkatoliki atasema sala ya walio hai humfaa aliyekufa. Mlutheri au Mpentekoste aliyeshika mafundisho ya kanisa lake atasita kidogo, kwa kuwa amefundishwa kwamba mtu akishakufa mlango umefungwa, na toba ilikuwa ya huku duniani. Akishasita, ataitikia amina pamoja na wenzake.

Makala haya yanafuata maneno matatu, toba, kuzimu na peponi, ili kuona jinsi mafundisho ya Kikristo juu ya kutubu na juu ya maisha baada ya kifo yalivyoingia katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba wamisionari na wasaidizi wao hawakukuta lugha tupu wakaijaza. Walikuta maneno yenye umri, yenye imani ndani yake, na maneno hayo yakaendelea kufundisha mambo yake hata baada ya kubatizwa.

Toba ni kurudi

Tuanze na toba. Tunajua sote kwamba neno hili limetoka katika Kiarabu, kwenye tawba, na kwamba kwa Kiarabu kitenzi chake kina maana ya kurudi. Mja hurudi kwa Mola wake. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi darasani ni kwamba mzizi huo una ndugu zake. Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu na Yohana Mbatizaji, kina kitenzi cha mzizi uleule wenye maana ileile, na Biblia ya Wakristo wa Kisiria huutumia pale Yohana anapowaita watu jangwani. Kiebrania kina shuv, ambacho wanaisimu hukihesabu katika ukoo huohuo, na ndicho manabii walichokitumia walipowasihi Waisraeli warudi kwa Mungu wao. Kwa hiyo Mkristo wa Kiswahili anaposema nimetubu, anatumia neno lililo karibu sana kwa damu na lile lililosikika kando ya mto Yordani.

Wakristo wa Ulaya hawakuwa na bahati hiyo. Injili ziliandikwa kwa Kigiriki, na Kigiriki kilitumia metanoia, yaani kugeuka kwa nia. Kilatini kikatafsiri kwa paenitentia, neno ambalo masikio ya wengi yalilisikia karibu na poena, adhabu. Amri ya Yohana katika Biblia ya Kilatini ikaja kueleweka kama amri ya kufanya kitubio: kuungama kwa padre, kupewa malipizi, kuyatimiza. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila Mkristo aungame angalau mara moja kwa mwaka. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake, kwa sababu ulimpa mwenye dhambi mtu wa kumsikiliza na njia ya kufuata. Lakini pia uliifanya toba iweze kupimwa, na kinachopimika huweza kuuzwa.

Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, pamoja na maelezo yake, wasomi waliona upya umbali kati ya metanoia na tafsiri yake ya Kilatini. Mwaka uliofuata Martin Luther alitoa hoja zake 95 dhidi ya biashara ya rehema, na hoja ya kwanza kabisa ilihusu jambo hilihili: kwamba Kristo alipoamuru toba alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba, wala si tendo moja mbele ya padre. Ugomvi uliolipasua kanisa la magharibi ulianzia, kwa sehemu, kwenye tafsiri ya neno moja.

Kiswahili kinatusaidia kuona jambo jingine. Tunayo maneno mawili, majuto na toba, na hatuyachanganyi. Majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Huja yenyewe hata kwa asiyeyataka. Toba lazima mtu aifanye. Injili ya Mathayo ina tofauti hiyohiyo katika Kigiriki chake: inapoeleza jinsi Yuda alivyoumia moyoni baada ya kumsaliti Bwana wake haitumii kitenzi cha metanoia, bali kingine chenye maana ya kujuta. Yuda alijuta akajinyonga. Petro naye alilia kwa uchungu, kisha akarudi kwa wenzake. Majuto walikuwa nayo wote wawili.

Mafundi wa tafsiri

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Alijifunza lugha kwa wasomi Waislamu wa Mombasa, watu waliokuwa na msamiati kamili wa dini: dhambi, toba, rehema, msamaha, malaika, shetani, kiyama, jehanamu. Krapf aliuhofia Uislamu, na alitetea herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu zilizokuwa zikitumika kuandikia Kiswahili karne nyingi. Hata hivyo, kwa mambo ya toba na hukumu, hakuweza kupita nje ya maneno ya walimu wake.

Mwenzake Johannes Rebmann alifika mwaka 1846, wakafungua kituo Rabai. Kazi yao ilizaa matunda machache mno. Mmoja wa watu wao wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, Mmijikenda aliyekuwa kilema, ambaye alipokea ubatizo akiwa kitandani pa mauti. Inafaa kulikumbuka hilo. Ukristo wa pwani ya Kenya katika siku zake za kwanza kabisa ulikutana na swali la mtu anayetubu saa ya mwisho, na jibu lilikuwa kumpokea.

Unguja, Edward Steere wa UMCA alifika mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1870, akatafsiri Agano Jipya, na akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Alifariki mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Mombasa nayo ilipata Biblia ya lahaja yake mwaka 1914. Mwaka 1937 ikatoka tafsiri ya Karl Roehl, Mjerumani aliyefanya kazi Usambara, ambaye alidhamiria kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu kila alipoweza. Alikuwa na hoja: Kiswahili cha bara, alisema, hakihitaji kuvaa kanzu ili kimsifu Mungu. Lakini Biblia iliyoshinda makanisani ilikuwa ile ya muungano, iliyokamilika mwaka 1952, na humo toba, dhambi na jehanamu vimebaki mahali pake. Waumini walikuwa wameshayazoea maneno hayo, na hakuna aliyeona kwamba yanampunguzia Ukristo wake.

Babu zetu wako wapi?

Kuzimu ni neno la aina nyingine. Hili ni la Kibantu, la mzizi uleule wa mzimu, mizimu na wazimu, na ndugu zake wametapakaa katika lugha nyingi kuanzia mwambao hadi Kongo. Katika fikra za zamani, kuzimu hakukuwa mahali pa adhabu. Ni kwao wafu, na wafu hawakuwa mbali. Walihitaji kukumbukwa na kupewa haki zao, na waliweza kukasirika.

Watafsiri walilichukua neno hilo kueleza Sheol ya Kiebrania na Hades ya Kigiriki, na kwa maoni yetu walipatia. Sheol katika vitabu vya kale vya Agano la Kale ni makao ya wafu wote, wema kwa wabaya, mahali pa kimya na giza. Kwa Gehenna, jina lililotokana na bonde la Hinomu kusini mwa Yerusalemu, walitumia jehanamu, ambalo ni jina hilohilo lililopitia Kiarabu. Matokeo yake, msomaji wa Kiswahili alipata tofauti ambayo msomaji wa Kiingereza hakuwa nayo. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ilitumia neno moja la Kiingereza kwa Hades na kwa Gehenna, na mara nyingi kwa Sheol pia. Waingereza walisubiri hadi tafsiri iliyosahihishwa ya mwaka 1881 ndipo Agano Jipya lao likayatenganisha. Mwalimu wa katekisimu aliyeketi chini ya mwembe na Biblia ya Kiunguja alikuwa na ramani iliyo wazi zaidi kuliko ya mzee wa kanisa wa Kiingereza miaka michache tu kabla yake.

Mahubiri, hata hivyo, hayafuati ramani sikuzote. Katika mafundisho mengi kuzimu na jehanamu vilichanganywa vikawa shimo moja la moto. Hapo ndipo palipotokea swali zito. Ikiwa babu amekwenda kuzimu, kama lugha ilivyosema tangu zamani, na ikiwa kuzimu sasa ni moto, basi babu anaungua. Neno ambalo jana lilimaanisha nyumbani kwa wazee leo limekuwa gereza lao, na wao hawakupata hata nafasi ya kulisikia jina la Yesu.

Swali hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1552 Francis Xavier aliandika barua akieleza huzuni ya Wajapani aliowabatiza. Waliuliza kama wazazi wao waliokufa wanaweza kuokolewa kwa sala au sadaka, na alipowajibu kwamba hapana, walilia. Xavier mwenyewe alikiri kwamba machozi yao yalimgusa.

Kanisa la kale lilikuwa na majibu mengine mkononi. Kanuni ya Imani ya Mitume inasema Kristo alishuka kuzimu, na waraka wa kwanza wa Petro unasema aliwahubiria roho waliokuwa kifungoni. Sanamu za Kanisa la Mashariki za ufufuko humwonyesha Kristo akiwa amevunja milango ya kuzimu, akimshika Adamu mkono mmoja na Hawa mwingine, akiwavuta kutoka makaburini. Kwa mtu anayeuliza juu ya babu yake, picha hiyo ina neno la kusema kuliko mahubiri mengi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba wale wasioijua Injili pasipo kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuupata wokovu.

Msomi aliyelichukua swali hili kwa uzito kutoka Afrika Mashariki ni John Mbiti, Mkamba aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019. Katika utafiti wake wa udaktari Cambridge alichunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mafundisho ya wamisionari juu ya siku za mwisho. Aliona kwamba lugha ya mifano, yaani moto, mji wa dhahabu na karamu, ilipokewa kama habari za mahali halisi, huku maana yake ya kiroho ikiachwa nyuma. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti aliwaita wafu wanaokumbukwa kwa majina wafu walio hai, na kueleza nadharia yake ya wakati alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Wafu wanaokumbukwa bado wamo katika sasa. Anapokufa mtu wa mwisho aliyewajua, huzama katika zamani. Nadharia hiyo imepingwa sana, hasa dai lake kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Hata hivyo ilisaidia jambo moja: ilionyesha kwamba swali la babu halikuwa ushirikina wa watu wasiosoma. Lilikuwa swali la teolojia, na lilistahili jibu la teolojia.

Toharani, na watu wa mahali pema

Peponi ni neno la Kibantu lililopata kazi ya Kiislamu kabla ya kupata ya Kikristo. Linasikika upepo, linasikika ubaridi wa kivuli, na kwa watu wa jua kali hilo ni wazo la raha linaloeleweka haraka. Watafsiri wa Biblia ya muungano walilitumia katika ahadi ya Yesu kwa mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye. Mtu huyo ndiye mfano mashuhuri wa toba ya dakika ya mwisho katika Ukristo wote: hakubatizwa, hakulipa deni lolote, hakupata nafasi ya kumwomba radhi aliyemdhulumu, na bado aliahidiwa kuingia siku ileile. Wahubiri wa zamani walipenda kuonya kwamba habari hiyo ipo ili asikate tamaa mtu yeyote, lakini yumo mmoja tu ili asijivune mtu yeyote.

Vipi kuhusu wengi wasio wabaya wa kupotea wala wasafi wa kuingia? Wakristo wa kale waliwaombea wafu wao, na Augustino alimwombea mama yake Monika baada ya kifo chake. Kutokana na desturi hiyo, na maandiko ya Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6, ilikua imani juu ya moto wa kutakasa. Mwanahistoria Jacques Le Goff, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alionyesha kwamba jina purgatorium kama jina la mahali lilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 12. Mitaguso ya Lyon (1274), Firenze (1439) na Trento (1563) iliithibitisha imani hiyo. Waprotestanti waliikataa, na Ibara 39 za Waanglikana ziliikataa kwa jina.

Wakatoliki wa Kiswahili walipata neno toharani. Mzizi wake ni tohara, usafi wa Kiislamu, ule wa maji ya udhu na wa jando. Sidhani kuna neno bora zaidi. Kilatini kilihitaji kueleza kwamba moto ule si wa kisasi bali wa kusafisha. Kiswahili kinalisema hilo katika jina lenyewe, na mtu yeyote wa pwani anajua kwamba tohara humwandaa mtu kusimama mbele ya Mungu. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, makaburi ya Wakatoliki kutoka Bagamoyo hadi Bukavu husafishwa na kuwekwa maua.

Kwa Waanglikana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu walikuwa wa aina mbili. UMCA ya Unguja ilishika mapokeo ya Kikatoliki: maungamo kwa padre, misa, sala kwa wafu. CMS ya Mombasa na Uganda iliona mambo hayo kuwa ni kurudi Roma. Kanisa moja, lugha moja, na mwamini aliyevuka mkondo kutoka Unguja kwenda Mombasa aliweza kukuta kwamba mama yake aliyeombewa jana leo haombewi.

Na bado kila mmoja wao alimwita mama yake marehemu. Neno hili ni la Kiarabu na maana yake ni aliyerehemiwa. Mchungaji anayefundisha kwamba hatujui hatima ya mtu, kisha akamwita marehemu fulani, ameshamwombea rehema bila kukusudia. Lugha imemtangulia.

Toba ya hadharani

Hadi hapa tumezungumzia maneno yaliyoletwa na vitabu. Tukio lililoifanya toba kuwa jambo la kila siku Afrika Mashariki lilianzia kwa watu. Mwezi Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Church alirudi Gahini, na huko, pamoja na Yosiya Kinuka wa hospitali na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyekuwa mwalimu, kikazuka kile tunachokiita Uamsho wa Afrika Mashariki. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, na kifo chake kiliusukuma mwendo huo mbele. Ulienea Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba. Wafuasi wake waliitwa Balokole, waliookoka, na wimbo wao wa Kiluganda, Tukutendereza, ulivuka mipaka ya lugha zote.

Mambo mawili yaliwatofautisha. La kwanza, waliungama hadharani, kwa majina ya dhambi zao, mbele ya mke, jirani na bosi. La pili, walirudisha. Aliyeiba dawa za hospitali alizirudisha. Aliyekwepa deni alilipa. Aliyemchukia mwenzake alimwendea nyumbani. Walimfuata Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko aliyeahidi kurudisha mara nne. Waislamu nao hufundisha kwamba toba ya kosa dhidi ya binadamu haitimii mpaka haki ya mtu irudishwe. Katika jambo hili wanazuoni wa mwambao na Balokole wa bara walikuwa karibu kuliko walivyojua.

Toba ya aina hiyo iliwatisha wenye madaraka. Wamisionari walisikia Waafrika wakiungama chuki yao kwa Wazungu, na wakaombwa waungame dharau yao kwa Waafrika. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono kwa kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao; William Nagenda alikuwa miongoni mwao. Wakati wa Hali ya Hatari Kenya, kuanzia mwaka 1952, wengi wa ndugu hawa walikataa kiapo cha Mau Mau na wengi walikataa pia silaha za serikali, na baadhi yao waliuawa. Askofu mkuu Janani Luwum, mtoto wa Uamsho, aliuawa chini ya Idi Amin Februari 1977. Festo Kivengere, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alikimbia Uganda, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin. Alieleza kwamba chuki yake kwa dikteta yule ilikuwa dhambi aliyopaswa yeye kuitubia kwanza.

Palipobaki deni

Tungependa kuishia hapo, lakini historia haikuishia hapo. Gahini iko Rwanda, na mwaka 1994, miaka 60 tu baada ya Uamsho, watu wasiopungua laki tano, na kwa hesabu ya serikali ya Rwanda zaidi ya milioni moja, waliuawa kwa siku zipatazo 100. Wengi waliuawa makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyange. Wauaji na waliouawa walikuwa wamebatizwa na kufundishwa neno toba kwa lugha yao.

Wapo wanaosema kwamba toba ya Uamsho ilikuwa ya mtu binafsi mno. Ilihesabu pombe, wizi na uzinzi, haikuhesabu ukabila uliokaa serikalini na hata uongozini mwa kanisa. Tunaona ukweli katika hoja hiyo, ingawa wamo Wakristo, wa Uamsho na wasio wa Uamsho, waliokufa kwa kukataa kutengana na wenzao. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi mwaka 2016 kwa ajili ya waumini walioshiriki, na Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa mwaka 2017.

Wakati mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wakubwa, mahakama za gacaca, zilizoketi nchini kote kuanzia mwaka 2005 hadi 2012, zilisikiliza karibu kesi milioni 2. Sheria ilimpunguzia adhabu anayekiri. Lakini kukiri huko kulikuwa na masharti: aseme yote aliyotenda, awataje aliotenda nao, aombe radhi hadharani, na aonyeshe miili ilipotupwa.

Tusimame kwenye sharti hilo la mwisho, kwa kuwa linaunganisha mambo yote tuliyoyajadili. Walimu wa Kikatoliki wa zamani walitofautisha majuto yatokanayo na hofu ya adhabu na yale yatokanayo na upendo, na gacaca ilijaa ya aina ya kwanza. Hakuna aliyeweza kuuona moyo wa mshtakiwa. Hata hivyo, aliyeonyesha shimo alirudisha kitu. Familia ilipata mifupa, ikaiosha, ikaizika, ikajua pa kwenda kuomba. Msamaha wa aliyeuawa haukuweza kupatikana, maana mwenye haki ya kuutoa hayupo. Kaburi liliweza kupatikana.

Mafundisho ya Kikristo yanatofautiana juu ya yale tunayoweza kuwafanyia wafu. Yanakubaliana kwamba toba ni ya walio hai na ni leo. Kwa kusoma historia hii tumejifunza kwamba maneno yetu yalilijua hilo mapema. Toba ni kurudi, na mtu hawezi kurudi bila kupitia kwa aliyemkosea, au, kama ameshafariki, kwa watu wake. Wiki yoyote ile tutapokea tena tangazo la kifo na kuandika chini yake ile dua ya peponi. Tuiandike. Ila kama tulikuwa na deni kwa marehemu, wapo watoto wake, na namba zao tunazo.